Maji ya Chumvi na Joto: Kipimo cha Asubuhi Si Kipimo cha Adhuhuri

Watu wakaao Nakuru na sehemu za katikati ya Bonde la Ufa wamezungukwa na maji ya chumvi. Ziwa Nakuru liko chini ya mji. Elementaita liko karibu na barabara iendayo Gilgil. Na kaskazini, katika nchi ya Baringo, liko Bogoria, ambalo zamani ramani za Wazungu ziliita Ziwa Hannington, kwa jina la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mfugaji huwapa ng'ombe wake chumvi; mpishi hutia magadi kidogo katika mahindi na maharagwe ili yaive upesi; na mwenye kuhifadhi ngozi huziloweka katika maji ya chumvi zisioze. Hata maziwa ya ng'ombe, ambayo wakulima wengi wa Njoro, Molo na Ol Kalou huyategemea kwa karo ya watoto wao, ni maji yenye chumvi za namna kadhaa ndani yake, pamoja na sukari ya maziwa, mafuta, na vyakula vingine vya kujenga mwili.

Kwa kuwa twayatumia maji ya namna hii kila siku, yafaa tujiulize swali moja ambalo ni wachache waliopata kulifikiri. Je, debe moja la maji ya chumvi lililopimwa alfajiri kwenye baridi ni sawa na debe moja lililopimwa adhuhuri kwenye jua kali? Debe ni lile lile, na limejaa vile vile mpaka ukingoni. Lakini kilichomo si sawa. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, nayo yatosha kumnyima mtu haki yake sokoni, na yatosha pia kuyafanya maji ya ziwa zima yajigawe matabaka.

MAJI MATUPU KWANZA

Na tuanze na maji safi yasiyo na chumvi. Lita moja ya maji yenye joto la digrii 4 za sentigredi ina uzito wa gramu 1,000, kasoro kitu kidogo mno. Yakifika digrii 25, uzito wa lita ni gramu 997. Katika digrii 40 ni gramu 992. Katika digrii 60 ni gramu 983. Na katika digrii 100, pale pwani ambapo maji huchemka kwa joto hilo, ni gramu 958. (Nakuru, ulio juu ya bahari kwa mita 1,850 hivi, maji huchemka mapema zaidi, yapata digrii 94.) Maana ya hesabu hizi si kwamba maji yamepotea. Maji yametanuka, yakataka nafasi kubwa zaidi, na kwa sababu hiyo yaliyobaki ndani ya lita moja ni machache kidogo kuliko kwanza.

Lakini maji safi yana desturi moja ngeni. Vitu vingi vikipoa hujikusanya na kupungua, navyo huendelea kupungua kadiri vinavyozidi kupoa. Maji safi hujikusanya mpaka digrii 4 tu. Yakizidi kupoa, huanza kutanuka tena. Mkulima wa Molo au Kinangop aamkaye alfajiri na kukuta jalidi juu ya majani, ajue kwamba katika ndoo yake iliyolala nje, maji yaliyo karibu kuganda ni mepesi kuliko yale ya digrii 4, na kwa hiyo hukaa juu.

Chumvi huiondoa desturi hiyo. Kadiri chumvi inavyozidi katika maji, ndivyo kile kikomo cha digrii 4 kinavyoshuka. Na maji yenye chumvi nyingi kama ya bahari huendelea kujikusanya mpaka yanapoganda. Kwa hiyo tangu mwanzo twaona kwamba hatuwezi kuchukua hesabu ya maji safi na kuitumia katika maji ya chumvi bila kuisahihisha.

CHUMVI INAPOINGIA

Mtu akitia mchanga katika maji, nafasi ya mchanga hujumlishwa na nafasi ya maji. Chumvi haifanyi hivyo. Chukua gramu 800 za maji yenye joto la digrii 25. Hayo hujaza mililita 802. Chukua na gramu 200 za chumvi ya kawaida ya mezani. Punje zake, ukiondoa hewa iliyo katikati yake, zina nafasi ya mililita 92. Ukijumlisha utapata mililita 894. Basi yayeyushe, uyaache yarudi digrii 25, kisha uyapime. Utapata mililita 873 tu. Mililita 21 zimekwenda wapi?

Hazikuibwa. Maji yameundwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo hushikana kwa namna iliyoacha nafasi wazi katikati, kama nyumba ya fito isiyokandikwa udongo. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe zenye nguvu ya umeme. Kila chembe ya chumvi huvuta chembe za maji zilizo jirani na kuzibana pembeni mwake, na zile nafasi wazi huzibwa. Kwa hiyo mchanganyiko huwa mdogo kuliko jumla ya sehemu zake.

Soda ya magadi hushinda chumvi ya mezani katika jambo hili. Katika Ziwa Magadi, kusini ya bonde letu, soda huchimbwa na kuchomwa ili kuondoa maji na hewa iliyomo, nayo kampuni ya kuichimba iliundwa mwaka 1911. Chukua gramu 990 za maji yenye joto la digrii 20. Yana nafasi ya mililita 991.8. Yeyusha humo gramu 10 za soda hiyo iliyochomwa ikawa safi. Mtu angetazamia maji yapande. Lakini yakirudi digrii 20, mchanganyiko wote una mililita 991.5. Umeongeza kitu, na chombo kimepungua! Soda huyabana maji kwa nguvu hata nafasi yake yenyewe yamezwa.

Hii ndiyo sababu maji ya magadi ni mazito kuliko mtu anavyodhani. Gramu 10 za chumvi ya mezani katika kilo moja ya mchanganyiko huongeza uzito wa lita kwa gramu 7 hivi. Gramu 10 za soda safi huongeza uzito huo kwa gramu 10 nzima. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalihitaji tukifika kwenye maziwa makubwa ya bonde.

JOTO LINAPOINGIA

Sasa tulete joto. Jaza madebe mawili ya lita 20, moja la maji safi, na la pili la maji ya chumvi ambayo kila kilo yake ina gramu 200 za chumvi ya mezani. Yote mawili yawe na joto la digrii 10, kama asubuhi ya baridi huko Mau. Kisha yatiwe joto mpaka digrii 40, kama pipa lililoachwa juani mchana kutwa. Maji safi yatatanuka kwa mililita 150. Maji ya chumvi yatatanuka kwa mililita 260. Twaona basi kwamba katika joto la kawaida la nchi yetu, maji ya chumvi nyingi hutanuka karibu mara mbili kuliko maji safi.

Mtu aweza kukata shauri haraka kwamba maji ya chumvi hutanuka zaidi siku zote. Sivyo. Yakiwa moto sana, mambo hugeuka. Kutoka digrii 60 mpaka digrii 100, lita 100 za maji safi huongezeka kwa lita 2.6, nazo lita 100 za maji yale ya chumvi huongezeka kwa lita 2.3 tu. Aliyekuwa nyuma amepita mbele.

Ajabu hii huonekana vizuri zaidi tukiuliza: zile gramu 200 za chumvi huongeza nafasi kiasi gani juu ya ile ya maji yenyewe? Katika digrii 0 huongeza mililita 64 na nusu hivi. Katika digrii 25 huongeza mililita 71 kasoro kidogo. Katika digrii 60 ni karibu mililita 74, na katika digrii 80 ni mililita 74. Lakini katika digrii 100 zimekwisha anza kupungua, nazo ni mililita 73. Chumvi ni ile ile, uzito wake ni ule ule, lakini nafasi yake ndani ya maji hupanda kwa joto, hufika kilele, kisha hushuka.

Sababu yake ni hii. Maji safi yakiwa baridi yana zile nafasi wazi nyingi. Ukiyatia joto, kazi mbili hufanyika pamoja: chembe hutikisika na kutaka nafasi zaidi, na papo hapo ile nyumba ya fito huanza kubomoka na nafasi wazi kuzibwa. Kazi ya kwanza hutanua, ya pili hupunguza, na kwa hiyo maji safi baridi hutanuka kidogo tu. Katika maji ya chumvi nyumba ile imekwisha bomolewa na chumvi; imebaki kazi moja tu, ya kutanuka. Lakini joto likipanda sana, hata maji safi hayana tena nyumba ya kubomoa, nayo hutanuka kwa kasi. Maji ya chumvi, kwa kuwa chembe zake zimeshikwa na nguvu ya umeme wa chumvi, huzuiliwa kidogo.

KIPIMO KINACHOELEA

Wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kuona chombo cha kioo kinachoelea katika maji, chenye uzito chini na shingo nyembamba iliyoandikwa hesabu. Huitwa haidromita. Katika kitu kizito huelea juu, na katika kitu chepesi huzama zaidi. Watu wa viwanda hukitumia kujua maji yao yana chumvi kiasi gani. Mtu wa kijijini asiye nacho hutumia yai bichi: likizama, chumvi haitoshi, likielea, chumvi imekuwa nyingi.

Lakini haidromita haioni chumvi. Huona uzito wa lita tu, na uzito huo hubadilishwa na chumvi na joto pamoja. Tuseme mhifadhi ngozi ana maji yenye chumvi sehemu 12 katika 100, na chombo chake kimetengenezwa kwa joto la digrii 25. Katika joto hilo lita ya maji yake ina gramu 1,084, na chombo kitasema kweli, sehemu 12. Katika digrii 10 lita itakuwa na gramu 1,089 na nusu, na chombo kitasema kama sehemu 12.8. Katika digrii 40 lita itakuwa na gramu 1,077, na chombo kitasema kama sehemu 11.1. Akiamini alfajiri, atadhani ana chumvi ya ziada, naye atatia maji. Akiamini adhuhuri, atadhani chumvi imepungua, naye atatumia fedha kununua nyingine. Hakuna punje hata moja iliyoongezeka wala kupungua.

Chombo cha kupimia maziwa ya ng'ombe, yaani laktomita, ni ndugu wa haidromita, nacho kina udhaifu ule ule. Laktomita nyingi zitumiwazo kwetu zimetengenezwa kwa joto la digrii 20. Ikisoma 28, maana yake ni kwamba lita moja ya maziwa ina uzito wa gramu 1,028. Maziwa yaliyotiwa maji sehemu moja katika kumi hushuka kwa pointi 3 hivi, na hapo ndipo mdanganyifu hukamatwa. Lakini yapasa kila digrii moja ya joto iliyozidi 20 iongezewe pointi 0.2 katika hesabu iliyosomwa, na kila digrii iliyopungua itolewe pointi 0.2.

Hebu tuseme mnunuzi ameweka mpaka wake kuwa 28, na wakulima wawili wamefika. Wa kwanza ameleta maziwa ya asubuhi ile ile, yangali na joto la digrii 26. Laktomita yasoma 27. Bila kipimajoto atarudishwa nyumbani na jina baya la kutia maji. Lakini digrii 6 zilizozidi ni pointi 1.2; hesabu yake ya kweli ni 28.2, na maziwa yake ni halali. Wa pili ameleta maziwa yaliyolala usiku kwenye baridi, yenye digrii 14. Laktomita yasoma 28.5, naye hupita akisifiwa. Lakini yapasa atolewe pointi 1.2, hesabu yake ya kweli ni 27.3. Mwaminifu amefukuzwa na mwenye maziwa hafifu amelipwa, wala chombo hakikuharibika, wala mpimaji hakukusudia ubaya. Kilichokosekana ni kipimajoto cha bei ndogo.

Tuongeze neno moja hapa. Sahihisho hilo la pointi 0.2 hufaa kwa maziwa yaliyo karibu na digrii 20. Maziwa yatokayo kwenye chuchu sasa hivi, yenye joto la mwili wa ng'ombe, yasipimwe. Yaachwe yapoe kwanza na kutulia, kwa kuwa mafuta yake pia hubadili hali yanapopoa. Tena yakorogwe taratibu kabla ya kupimwa, ili mafuta yasikae juu peke yake.

MAZIWA MAKUBWA YA BONDE LA UFA

Kazi hiyo hiyo iliyo katika ndoo hufanyika katika ziwa zima, ambako hakuna wa kukoroga ila upepo.

Mchana jua hupasha maji ya juu. Yakipata joto hutanuka, huwa mepesi, na hukaa juu ya yale yaliyo baridi. Usiku hupoa, huwa mazito, na hushuka. Katika Ziwa Nakuru, lisilo na kina kirefu, baridi ya usiku na upepo wa alasiri huyachanganya maji mara kwa mara, na hewa ya oksijeni iliyo juu hupelekwa chini. Samaki wadogo walioletwa Nakuru kutoka Magadi katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu, nao baadaye wakawaleta wari kwa wingi, huhitaji oksijeni hiyo.

Bogoria lina kina kirefu zaidi, na humo wataalamu wamekuta mara nyingi maji ya namna mbili yaliyolala moja juu ya lingine: juu maji ya chumvi kiasi, na chini maji mazito yenye magadi zaidi, ambayo hayana oksijeni. Kwa nini hayachanganyiki kama ya Nakuru? Hesabu itatujibu. Maji yakitoka digrii 20 kwenda digrii 25, lita yake hupungukiwa na uzito wa gramu 1.15 hivi. Lakini tumeona kwamba gramu moja tu ya soda huongeza karibu gramu moja nzima. Basi tofauti ya joto ya digrii 5, iliyotengenezwa na jua kwa muda wa saa nyingi, hufutwa na kijiko kisichojaa cha magadi katika lita nne za maji. Na kama maji ya chini yana gramu 10 za soda zaidi katika kila lita, ingebidi yatiwe joto la digrii zaidi ya 20 juu ya yale ya juu ndipo yaweze kupanda. Baridi ya usiku mmoja haiwezi kazi hiyo. Katika shindano la joto na chumvi, ziwani chumvi ndiyo yenye nguvu.

Nchi nyingine zimeonyesha jambo hilo kwa namna ya ajabu. Katika Ziwa Medve, huko Sovata katika nchi ya Romania, maji ya chumvi yaliyo chini hupashwa na jua, nayo hushindwa kupanda kwa uzito wa chumvi yake. Joto hubaki limefungwa huko chini, na maji ya juu yakiwa na baridi ya kawaida. Mtaalamu Kalecsinsky, aliyeandika habari zake mwaka 1902, alipima maji hayo akakuta joto linaloweza kufika digrii 70 hivi, kwa kina kisichozidi urefu wa mtu. Tangu hapo wahandisi wa nchi mbalimbali wamechimba mabwawa ya chumvi ili kuhifadhi joto la jua kwa njia hiyo hiyo.

Kwenye ukingo wa Bogoria, mahali kama Loburu, chemchemi za maji moto hutoka ardhini karibu na kuchemka. Maji hayo yana chumvi kidogo kuliko ziwa, na tena yametanuka kwa moto. Yana sababu mbili za kuwa mepesi, na kwa hiyo yakiingia ziwani huenea juu badala ya kuzama.

Tangu mwaka 2010 hivi, maziwa ya bonde yalipanda sana. Ziwa Nakuru, lililokuwa na eneo la kilomita za mraba 40 hivi, lilipita 60, likafunika lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama. Huko Bogoria baadhi ya chemchemi zilimezwa na maji. Watu walipoteza mashamba na nyumba. Pamoja na hasara hiyo ya wazi kulikuwa na badiliko lisiloonekana: maji ya mvua na ya mito yalizidi, chumvi ile ile ikagawanyika katika maji mengi, na maji ya juu yakawa mepesi. Mimea midogo ya kijani inayoliwa na heroe hupenda maji makali ya magadi. Maji yakipoa ukali, chakula hupungua na ndege huhama.

Hapo ndipo kipimajoto kinapokuwa na thamani kuliko watu wanavyodhani. Mtu akichota maji ya ziwa mwaka huu katika digrii 20, na mwenzake akachota mwaka mwingine katika digrii 30, kisha wote wawili wakaandika uzito wa lita tu, joto peke yake limetia tofauti ya gramu mbili na nusu katika hesabu yao. Atakayesoma kitabu hicho baadaye atadhani ziwa limepoteza gramu mbili na nusu za chumvi kwa kila lita. Vijana wa shule na makarani wanaosaidia kuweka kumbukumbu za maji, waziandike namba mbili daima, uzito na joto, kwa kuwa moja bila ya pili ni nusu ya habari.

NGUVU ILIYO CHINI YA ARDHI

Wenyeji wa Nakuru huona mvuke ukipanda kutoka bonde la mlima Menengai, ambako kampuni ya serikali iitwayo GDC ilianza kuchimba visima mwaka 2011. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhi umetoa umeme tangu mwaka 1981. Mvuke huo nao hutegemea jambo tunalolieleza. Mvua inayonyesha kwenye milima iliyo pande mbili za bonde hupenya ardhini na kushuka mpaka kwenye mawe yenye moto. Huko chini, kwa kuwa yamebanwa, maji hayageuki kuwa mvuke upesi. Katika digrii 250 lita ya maji safi yaliyobanwa ina gramu 800 tu. Maji yaliyojaza madebe manne pale juu, sasa yanataka madebe matano. Yale baridi, yaliyo mazito, hushuka na kuyasukuma yale moto juu, na njiani hukusanya chumvi za mawe. Chumvi hizo huyaongezea uzito kidogo, lakini hapa moto ni mwingi mno, nao hushinda. Ziwani chumvi iliushinda ule moto mdogo wa jua. Ardhini moto mkubwa huishinda chumvi.

JARIBIO LA NYUMBANI

Mwalimu au mzazi apendaye kuwaonyesha watoto jambo hili hahitaji vyombo vya gharama. Atafute chupa mbili za soda zilizo sawa, za mililita 300. Moja aijaze maji safi. Ya pili aijaze maji yaliyoyeyushwa gramu 250 za chumvi katika kila lita moja ya maji. Yote mawili yawe baridi ya asubuhi, yapata digrii 15. Azibe kila chupa kwa kizibo au nta, akipitisha mrija mwembamba katikati, na atie alama pale maji yalipofika katika mrija. Kisha azisimamishe zote mbili ndani ya sufuria moja ya maji ya uvuguvugu, mpaka zifike digrii 35.

Kama mrija una upana wa milimita 5 ndani, maji safi yatapanda kama sentimita 7, na maji ya chumvi kama sentimita 12. Chupa ni zile zile na joto ni moja. Kilichotofautiana ni chumvi tu. Chupa zisitiwe katika maji yanayochemka, kwa maana kioo chaweza kupasuka na kumdhuru mtoto.

MASHAURI KWA MKULIMA NA KARANI

Kwa ufupi, haya ndiyo ya kushikwa.

Kwanza, chombo cha maji ya chumvi, au cha dawa na mbolea zilizoyeyushwa, kisijazwe mpaka mdomoni na kufungwa kabisa, kisha kikaachwa juani. Pipa la lita 200 lenye maji ya chumvi nyingi laweza kudai lita mbili na nusu za nafasi kati ya asubuhi ya baridi na jua kali. Lisipopewa nafasi, litavuja au litapasuka mshono.

Pili, anayechanganya dawa au chumvi kwa kazi iliyo na kipimo maalumu, apime chumvi kwa mizani na maji kwa mizani ikiwezekana. Uzito haubadiliki kwa joto. Ujazo ndio ubadilikao.

Tatu, anayepima kwa haidromita au laktomita atumbukize kipimajoto katika chombo hicho hicho, wakati huo huo, asome hesabu ya joto ambayo chombo chake kilitengenezewa, na asahihishe kabla ya kutamka hukumu.

Nne, mkulima anayeambiwa kwamba maziwa yake hayakufaa ana haki ya kuuliza kwa upole: "Yalikuwa na joto la digrii ngapi?" Swali hilo si la ugomvi. Mpimaji mwema atalipenda, maana humlinda yeye pia na lawama.

Pointi 0.2 kwa digrii moja ni kitu kidogo sana. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kwa mtu mwenye ng'ombe watatu na watoto wanne shuleni, maziwa yanayorudishwa nyumbani kila asubuhi ya joto ni fedha za muhula mzima. Kipimajoto cha kioo chaweza kununuliwa na chama cha wakulima kwa fedha kidogo, nacho hudumu miaka mingi kikitunzwa vizuri.